Chemchemi Iliyowasilishwa Kihonda

Saa tatu na dakika kumi asubuhi, siku ya Jumanne, Mwanvita Pazi alisimama mbele ya meza ya Benchi Vitabu, Kihonda, akatoa bahasha ya kaki kwenye kikapu chake. Ndani mlikuwa na kurasa kumi na nne zilizoandikwa kwa mkono. Alikuwa amezitoboa pembeni na kuzifunga kwa uzi wa kushonea magunia, kwa sababu masharti yalisema kurasa zisibanwe kwa pini.

Benchi Vitabu ilikuwa nyumba ya vyumba viwili, upande mmoja karakana ya kuchomelea mageti, upande wa pili saluni ya kike. Walichapa vitabu viwili kwa mwaka, na mwaka ukiwa mgumu, kimoja. Tangazo lao Mwanvita alilikuta limebandikwa kwenye duka la madaftari karibu na soko la Mawenzi. Lilisema wanapokea hadithi na insha kutoka kwa mtu yeyote: aliyesoma na asiyesoma, mkulima, aliyetoka gerezani, asiyeona, asiyesikia, wa dini yoyote na wa kabila lolote, anayeandika mwenyewe na anayesimulia mwingine akaandika. Mwanvita alilisoma mara tatu pale pale, kisha akaomba karatasi akalinakili lote, pamoja na jina la aliyelisaini.

Aliyelisaini alikuwa Devotha, mhariri, na ndiye aliyekuwa mbele yake sasa, akihesabu kurasa kwa kulowesha kidole.

"Imewahi kuchapishwa?"

"Hapana."

"Umeituma mahali pengine?"

"Hapana."

"Basi sharti la tatu linabaki. Mpaka tukupe jibu, andiko lisiwe mahali pawili kwa wakati mmoja. Ni siku tisini."

"Nimelisoma," alisema Mwanvita. "Halitakuwa mahali pawili."

Devotha akamwandikia stakabadhi: andiko namba sitini na moja, limepokelewa saa tatu na dakika kumi na mbili. Akagonga mhuri. Mwanvita aliisoma stakabadhi mbele na nyuma, akaikunja, akaifunga kwenye pindo la khanga, akaaga.

Insha yenyewe ilihusu chemchemi. Huko Luvumo, kwenye mteremko wa milima ya Uluguru ambako Mwanvita alizaliwa na ambako bado alilima mdalasini na migomba, maji yalitoka chini ya mwamba mahali palipoitwa Kwa Mkunde. Mahali hapo palikuwa pa lukolo la mama yake, yaani ukoo. Kwa Waluguru ardhi hupita kwa mama. Mwanamume anayeoa huja akalima, akala, akazeeka, lakini hana ruhusa hata ya kuhamisha jiwe bila kuuliza wenyewe. Miaka sita iliyopita, Bi Asia, mama yake Mwanvita, akiwa amefariki na arobaini yake imeshasomwa, ilikuja kampuni ya maji ya chupa, imeshika karatasi. Baba yake, mzee Pazi, alisaini. Ikajengwa senyenge, ikawekwa geti na mlinzi. Wanawake wa ukoo wakaanza kuteka maji mtoni, mwendo wa dakika arobaini kwenda na zaidi ya hapo kurudi.

Mwanvita aliishia darasa la saba. Mengine alijifundisha mwenyewe kwa kunakili: vipeperushi vya zahanati, maelekezo ya dawa za mimea, barua za watu alioombwa kuwaandikia. Alipoamua kuandika kuhusu Kwa Mkunde hakutaka kukosea. Alikwenda kwenye senyenge asubuhi kumi na moja mfululizo na daftari la kaunta. Aliandika upana wa maji kwa kupima kivuli chake. Aliandika mawe matatu na lipi linateleza. Aliandika majani yanayoota upande wa kivuli na yale yasiyoota, ubaridi ambao humfanya mtu ashike meno, sauti ya maji kiangazi na sauti yake masika. Thobias, mlinzi, ambaye hakuwa na ugomvi na mtu, alimsaidia kupima kina kwa fimbo kutoka upande wa ndani. Hayo yote yalijaa ukurasa wa tisa, na alipomaliza hakikubakia kitu cha chemchemi ile ambacho hakikuwa kwenye ukurasa huo.

Ndiyo maana chemchemi iliondoka. Thobias aliandika kwenye kitabu cha matukio: *Saa tatu na dakika kumi na mbili asubuhi, chemchemi imeondoka. Geti limefungwa. Hakuna aliyeingia wala kutoka.* Akapiga mstari chini yake, akaendelea na zamu.

Ilifika Kihonda adhuhuri, baada ya karibu saa tatu, ambao ndio muda wa mtu kutoka Luvumo hadi mjini asipopumzika njiani. Rogers, aliyepanga kurasa za vitabu na kutembelea magongo mawili, ndiye aliyeona bahasha ya kaki ikichuruzika kwenye rafu. Alihamisha maandiko mengine sitini rafu ya juu, moja moja, kwa mkono mmoja. Kisha akaweka beseni.

"Namba sitini na moja inatoa maji," alimwambia Devotha.

Devotha alikuja akatia kidole. Akakionja. "Ya baridi," alisema. "Weka ndoo. Beseni litajaa kabla hatujafunga."

Kihonda mabomba yalitoa maji mara mbili kwa wiki, na wiki nyingine mara moja. Siku ya tatu, Pendo wa saluni alikuja na dumu akiuliza kama ni kweli. Aliwaoshea wateja vichwa, wakasema nywele zimelainika. Wiki ya pili jirani wa karakana alichomelea kibomba chembamba kwenye kona ya rafu, akavuta mpira hadi nje, na watu wakapanga foleni ya ndoo kuanzia saa kumi na mbili asubuhi. Devotha aliweka kanuni moja tu: wasipige kelele, maana ndani watu wanasoma. Wasomaji wa Benchi Vitabu walikuwa watatu, na kila andiko lilisomwa na wote. Namba sitini na moja ilikuwa kwenye zamu yake, nyuma ya sitini.

Wiki ya tatu, Godfrey, meneja wa kampuni ya maji ya chupa, alipanda Luvumo. Alikuwa kijana wa kama miaka thelathini na mitano, mstaarabu, viatu vyake vimeshika tope jekundu hadi kwenye kamba.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Karibu mkekani."

Alikaa. Alipewa ndizi ya kuchoma. Alikula nusu ndipo akasema, "Mama, tumeambiwa uliandika."

"Niliandika."

"Sasa sisi tuna mashine pale, tuna watu, na tuna chupa elfu nyingi zina karatasi yenye picha ya mlima. Chupa zimekaa tupu."

"Pole, baba."

"Nimekuja kukuomba uiondoe. Uende pale Kihonda useme umebadili mawazo, wakurudishie. Ikirudi kwako, na maji yatarudi. Mwanasheria wetu ameyasoma masharti yao, anasema ndivyo yanavyofanya kazi."

"Yakirudi, yatarudi ndani ya senyenge."

"Ndiko yaliko, mama. Tuna karatasi imesainiwa."

Mwanvita alifungua pindo la khanga, akamwonyesha stakabadhi. "Na mimi ninayo. Namba sitini na moja. Ina mhuri."

Godfrey aliisoma, akatabasamu kidogo bila kejeli, akamrudishia kwa mikono miwili. "Na wakiikataa?"

"Wakiikataa watakuwa wameikataa. Lakini hawataikataa."

"Unajuaje?"

"Niliiandika vizuri," alisema Mwanvita. "Malizia ndizi, itapoa."

Mwezi uliofuata, shauri la ukoo la kudai Kwa Mkunde, ambalo lilikuwa limelala miaka mitano, liliitwa kwenye baraza la kata. Labda kampuni yenyewe ndiyo iliyoliamsha. Mwenyekiti alikuwa mzee Halidi, mtu mwenye subira, aliyezoea kusuluhisha mipaka ya migomba. Mzee Pazi aliulizwa kama sahihi ni yake, akasema ni yake. Kisha akaitwa Mwanvita.

"Haya, binti Pazi. Tueleze habari ya Kwa Mkunde tangu mwanzo."

Mwanvita alisimama. "Shikamoo, mzee Halidi. Siwezi."

"Huwezi nini?"

"Kuieleza. Nimeshaituma Kihonda. Haitakiwi kuwa mahali pawili mpaka wajibu. Zimebaki siku arobaini na moja."

Watu walicheka kwenye mabenchi. Mama mmoja wa ukoo alisema kwa sauti, "Wewe Mwanvita, hata hapa unafuata mistari? Sema tu, nani atakwenda kukusemea Kihonda?"

"Nilimwahidi yule mama wa Kihonda," alisema Mwanvita.

"Unakataa kutoa ushahidi?" aliuliza mzee Halidi.

"Sikatai, mzee. Nimeshautoa. Uko njiani."

Mzee Halidi alivua kofia, akajikuna, akaivaa tena. Alimwambia karani aandike kwamba ushahidi upo njiani. Shauri likaahirishwa. Wanawake wa ukoo hawakumsemesha Mwanvita hadi kwenye njia panda, na kwenye njia panda walimwambia ana kichwa kigumu kama cha marehemu mama yake, jambo ambalo alilipokea.

Walibaki wawili, yeye na baba yake, wakipanda polepole. Mzee Pazi alikuwa na miaka themanini na miwili, na alitembea akitazama pale anapokanyaga.

"Siku ile walisema ni mkutano," alisema. "Karatasi ikapita. Nikajua ni mahudhurio. Kila mkutano karatasi inapita, unaandika jina, unapewa soda. Palikuwa na mahali pameandikwa mkuu wa kaya. Nikauliza, mkuu wa kaya ni nani? Wakaniambia si wewe hapo, mzee? Mama yako alikuwa ameshakufa. Na palikuwa na mstari mmoja tu."

"Najua, baba."

"Ulijuaje?"

"Uliniambia mwaka ule. Nimeiandika, ukurasa wa kumi na moja."

Mzee Pazi alisimama. Alitazama bonde, kisha fimbo yake. "Umeniandikaje?"

"Ulivyosaini."

"Na soda?"

"Na soda. Fanta ya chungwa."

"Ilikuwa ya nanasi," alisema mzee Pazi.

Walipofika nyumbani Mwanvita alimwandikia Devotha barua ya sahihisho: ukurasa wa kumi na moja, mstari wa saba, badala ya chungwa isomeke nanasi. Aliipeleka mwenyewe siku ya soko, maana masharti yalisema masahihisho yafike kwa maandishi. Alikuta foleni ya ndoo imefika saluni. Hakuna aliyejua kwamba yeye ndiye mwandishi, naye hakusema. Alisubiri nyuma ya wenye madumu mpaka mama mmoja alipomwambia, "Dada, kama huna ndoo pita tu."

Ndani alimkuta Godfrey ameketi kwenye kiti cha wageni. Devotha alikuwa na uso wa mtu aliyesikiliza kwa muda mrefu.

"Bora umekuja," alisema Devotha. "Huyu kaka anatuomba tuikatae."

"Mnakataa nyingi," alisema Godfrey. "Shikamoo, mama. Namwambia dada, mnakataa nyingi kila mwaka. Moja tu zaidi."

"Tunakataa zilizosomwa," alisema Devotha. "Hii imesomwa na watatu. Wote watatu wameipitisha." Alimgeukia Mwanvita. "Ila kuna jambo, mama. Sisi ni wadogo. Kampuni imeandika barua. Wasomaji wanauliza kama ukurasa wa kumi na moja tunaweza kuuacha. Wa tisa ubaki wote, hatugusi hata nukta. Insha itasimama. Na maji yatabaki."

Nje maji yalikuwa yakiingia kwenye dumu la mtu. Mwanvita aliweka kikapu chini.

"Ukurasa wa kumi na moja una nini?" aliuliza, kama mtu anayeuliza njia anayoifahamu.

"Una fomu," alisema Devotha. "Na baba yako. Na mstari mmoja."

"Ukiutoa, Kwa Mkunde ni kwa nani?"

Aliyejibu ni Rogers, bila kuinua macho kwenye kompyuta. "Ukiutoa yatakuwa maji yasiyo na mwenyewe. Atakuja mwingine na karatasi hapa hapa Kihonda."

Godfrey alitazama kibomba kwenye kona ya rafu. Ilionekana wazo hilo lilikuwa limeshampitia.

"Mliandika mtu yeyote," alisema Mwanvita. Sauti yake ilikuwa ya chini, kama siku zote. "Nililinakili tangazo lenu, ninalo. Mama yangu hakuwa na mahali kwenye ile fomu. Kwenye ukurasa wangu anapo. Kama mnautoa, nirudishieni zote kumi na nne, nami nitatafuta wengine. Nina subira."

Devotha alivua miwani, akaifuta kwa kitenge, akaivaa. Akavuta karatasi ya majibu, akaandika kwa mkono, akagonga mhuri. *Andiko namba sitini na moja limekubaliwa lilivyo.* Kisha akaipokea barua ya sahihisho, na mbele yao wote akakata chungwa, akaandika nanasi.

"Basi," alisema Godfrey. Alisimama, akawaaga mmoja mmoja. Nje aliomba kikombe kwa Pendo, akakinga maji kwenye mpira, akanywa mpaka chini.

Kitabu kilitoka mwezi wa tisa, kikiwa na maandiko kumi na tisa: la mpishi wa kantini ya kiwanda, la mwalimu mstaafu wa Kilakala aliyepoteza uwezo wa kuona, la kijana asiyesikia aliyeeleza namna ya kumtambua mtu kwa hatua zake sakafuni. Insha ya Mwanvita ilikuwa ya nne. Walichapa nakala mia tatu, na katika kuchapwa chemchemi iligawanyika sawasawa, kila nakala ikatoa kama jagi moja kwa saa. Wauza vitabu mjini waliombwa wazisimamishe wima na wasiziweke karibu na bahasha. Watu wa Kihonda walinunua, wakaacha kupanga foleni. Palikuwa na malalamiko machache: msomaji mmoja wa Dodoma aliandika kwamba yake imeshika harufu ya karafuu, akajibiwa kwamba ndivyo ilivyo Luvumo mwezi wa mavuno.

Mwandishi hupewa nakala tano. Mwanvita alizifunga kwenye mfuko wa plastiki, akaziweka kichwani, akapanda nazo huku zikimlowesha mabega. Nne alizigawa kwa nyumba nne za ukoo, na kila nyumba iliipokea yake kwa kuleta mtungi. Wanawake walioacha kumsemesha walimsemesha. Ya tano alikwenda nayo kwenye baraza la kata.

Mzee Halidi alisoma insha yote kwa sauti, na ilimchukua muda, kwa sababu hakutaka kuruka kitu. Alipofika palipokuwa ukurasa wa tisa alisimama, akaweka bilauri chini ya kitabu, ikajaa, akanywa. "Ni yenyewe," alisema. "Nimeyanywa haya tangu utotoni." Alisoma palipokuwa wa kumi na moja. Alipotaja soda ya nanasi, mzee Pazi aliitikia kwa kichwa pale alipokaa.

"Hakuna la uongo humu," alisema mzee Halidi alipomaliza. "Baraza limeridhika kwamba ni kweli. Sasa nipeni ile fomu." Karani akampa. Aliitazama mbele na nyuma. "Fomu ina mstari mmoja. Mkuu wa kaya. Amesaini. Hapa hakuna mahali pa kuandika ukoo wa mama, wala hakuna fomu nyingine. Nimeuliza wilayani, wanasema ndiyo hii hii."

"Kwa hiyo?" aliuliza yule mama wa ukoo.

"Kwa hiyo iko ilivyo."

Senyenge ilibaki. Geti lilibaki, na Thobias alibaki, akilinda mawe matatu makavu, maana mkataba wake ulitaja geti bila kutaja maji. Kuhusu kampuni, wajumbe walielezwa kwamba imepata chemchemi nyingine, matuta mawili chini, kwenye ardhi ya ukoo mwingine, na Godfrey alikuwepo barazani siku ile kwa ajili hiyo. Karatasi ilikuwa imeshaanza kupita kwenye mabenchi. Soda zilikuwa zimechelewa kufika, hivyo karani aliazima kitabu cha Mwanvita akawa anawamiminia watu maji.

Mtu aliyeketi mbele ya Mwanvita, mkwe wa huo ukoo wa chini, jina lake Said, alipokea karatasi kwa mkono mmoja na bilauri kwa mwingine. Alikunywa, akasifu, akaandika jina lake.

"Umesoma, kaka?" aliuliza Mwanvita.

"Mahudhurio haya, dada," alisema Said, akampitishia.

Mwanvita aliisoma mbele. Akaigeuza. Kichwa cha mkataba kilikuwa nyuma, na chini yake mstari mmoja. Alimpelekea mzee Halidi, akaonyesha kwa kidole. Mzee Halidi alisoma, akamtazama Said, akamtazama Godfrey, ambaye alikuwa akitazama viatu vyake.

"Ameshasaini," alisema mzee Halidi taratibu.

Mwanvita alirudi kwenye benchi. Hakuketi pale pale. Aliketi karibu na Said. Alitoa daftari jipya la kaunta kwenye kikapu, akafungua ukurasa wa kwanza, akaandika tarehe. Kihonda walikuwa wanafungua tena kupokea maandiko tarehe mosi, na masharti yalikuwa yale yale.

"Hiyo chemchemi yenu," alisema, "ni ya ukoo gani? Na mama mkwe wako anaitwa nani, jina lake lote?"

Said alimweleza. Mwanvita aliandika, akamwomba arudie jina la pili.

"Na upana wake? Usikadirie. Kesho asubuhi nitakuja na fimbo."